Duara la Katibu

Jumatatu, 8 Septemba

Barua imefika. Mtendaji wa kijiji ameileta mwenyewe, kwa miguu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Umoja wetu unafanyiwa tathmini! Mtathmini anafika Alhamisi akitokea Nansio, ambako amemaliza na umoja wa huko. Akishatuona, ndipo itaamuliwa kama tunaingia awamu ya pili, yaani tanki la maji safi na mabomba hadi mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, au tunaishia hapa tulipo.

Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza niliielewa. Mara ya nne sikuielewa tena. Inasema atapima kiwango cha ushirikiano kati ya wadau. Ushirikiano unapimwa kwa nini? Kwa mizani? Nimekuwa karani wa pamba miaka kumi na tisa, nimepima vitu vingi. Hicho sijawahi.

Niandike vizuri, wajukuu wasije wakachanganya. Umoja wa Wadau wa Afya Mwalo wa Nyakabanga ulianzishwa kupambana na kichocho na kuhara. Ndani yake wamo wavuvi, chini ya Ooko. Wamo akina mama wanaoanika dagaa, chini ya Paskazia. Ipo zahanati, yaani Nesi Rebeka. Yapo makanisa mawili yasiyosalimiana. Mwenyekiti ni Mzee Ngosha, ambaye tangu Pasaka yuko Sengerema kwa binti yake. Katibu ni mimi, Paulo Shigela. Kwa hiyo Umoja, ukiuangalia vizuri, ni mimi.

Na cha kuonyesha tunacho. Choo cha matundu manne pale mwaloni, kilichokamilika Februari. Wavuvi walibeba mawe, akina mama wakabeba maji, mimi nikaandika majina. Hakijafunguliwa kwa sababu mgeni rasmi ameahirisha mara tatu. Hivyo watu wanaendelea kwenda kwenye matete, na watoto wanaendelea kuoga palepale. Inasikitisha. Lakini utepe umeshafungwa, na ufunguo ninao mimi mfukoni. Huwezi kutumia kitu ambacho hakijazinduliwa.

Nimemtuma mwenye bodaboda yenye spika apite akitangaza kwamba mtathmini anakuja Alhamisi, kila mtu ajiandae. Mke wangu Evelina, akiwa kwenye cherehani yake, akasema hilo neno mtathmini litaleta balaa. Nikamwambia ashone.


Jumanne, 9 Septemba

Kuna migomba mwaloni.

Jana haikuwepo. Leo ipo kama arobaini, imesimama mchangani kwa mistari. Nikamuuliza mzee mmoja anafanya nini. Akanieleza, kwa upole kama anayeongea na mgonjwa, kwamba barabara ilipopanuliwa alikuja mtathmini, na waliokuwa na mimea walilipwa fidia, na waliokuwa hawana walibaki wakitazama. Safari hii hakuna atakayebaki akitazama.

Kufikia mchana mambo yamekuwa makubwa. Mtu amesimamisha kibanda cha mabati matatu, ndani kaweka kochi. Kanisa la kwanza limesogeza uzio wake hatua sita. Kanisa la pili likasogeza hatua nane. Karibu na mbuyu kuna kaburi jipya lenye msalaba. Nikauliza ni la nani. Nikajibiwa bado hajapatikana.

Paskazia akaja kwangu. Ni mwanamke mrefu, hana maneno mengi, na ukizungumza naye unahisi kuna mahali pengine anapotakiwa. Akasema wenzake wameacha kuanika. Wanadhani chanja zao za kuanikia zitang'olewa, wamekaa chini wanangoja, na dagaa wa jana wanaharibika. Akaomba nitangaze upya kwamba tathmini hii si ya fidia. Nikamweleza kwamba tangazo la kusahihisha tangazo ni jambo zito, linahitaji kikao. Akanitazama kidogo, kisha akaondoka. Akapita kwa miguu, chanja kwa chanja, akimweleza kila mmoja. Saa kumi wote walikuwa kazini.

Nimeandika pembeni: amekiuka utaratibu.

Lakini jioni nikaanza kufikiri. Barua haikusema ni ya fidia. Haikusema pia kwamba si ya fidia. Nimepanda mipapai miwili nyuma ya choo. Tahadhari tu.


Jumatano, 10 Septemba

Nimempigia simu Okwach, katibu wa umoja wa Nansio. Tulikaa meza moja kwenye semina miaka mitatu iliyopita na tangu siku hiyo anajiona. Nilitaka kujua ameulizwa nini. Kabla sijauliza akaniuliza vikao vyetu vya mwaka huu ni vingapi. Thelathini na kimoja, nikamwambia. Wao wana vinane. Nilijisikia vizuri sana kwa dakika nzima.

Kisha akanieleza. Mtathmini anamchukua kila mjumbe faragha na kumuuliza: mwaka huu, ulipokuwa na jambo la afya, ulimwendea nani? Majibu yote anayachora kwenye karatasi. Kila mtu ni duara, na mistari inatoka kwa huyu kwenda kwa yule. Anayetajwa sana, duara lake linakuwa kubwa. Duara la Okwach lilikuwa kama chungwa. Alilisema neno chungwa mara tatu.

Chungwa! Mimi nataka tikiti maji.

Nikaenda mjini, Mabatini, asubuhi ileile, kwenye kibanda kimoja cha kuchapa, nikatengenezewa kadi ishirini. SHIGELA P., KATIBU. Herufi kubwa, ili mtu asikosee akiulizwa. Mchana nikaanza kuzunguka kwa wajumbe. Nikawafundisha: ukiulizwa ulimwendea nani, toa jibu la kwenye kadi. Wachungaji wote wawili walikubali, kila mmoja baada ya kuhakikisha mwenzake amepewa kadi moja tu. Ooko aliishika kadi yake juani kama anayekagua samaki. Akauliza itakuwaje kama kweli alimwendea mtu mwingine. Nikamwambia hata alipomwendea mtu mwingine, kiutaratibu alikuwa ananiendea mimi. Akasema hajaelewa ila ameipokea. Nesi Rebeka alikuwa anachanja watoto, akaniambia niiweke mezani. Nikaiweka. Mtoto mmoja akaitafuna.

Kwa Paskazia sikwenda. Nina heshima yangu. Niliibana kadi yake kwenye chanja, chini ya jiwe, nikaondoka.


Alhamisi, 11 Septemba

Amefika. Ni mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, kavaa raba, kabeba begi mgongoni. Akaniamkia shikamoo vizuri, nikaitikia marahaba. Mtendaji akamtambulisha kwa watu wote: Dokta Wilhelmina.

Hapo tulikosea sote. Kusikia dokta, watu wakapanga foleni. Mimi, kwa nafasi yangu, nilikuwa wa kwanza, nikakunja suruali na kumwonyesha goti linalonisumbua tangu mwaka juzi. Akanieleza kwa adabu kwamba udaktari wake ni wa kusoma, anachunguza jinsi vikundi vinavyofanya kazi pamoja. Nikamuuliza vikundi vikiumwa huwa anavipa dawa gani. Akacheka. Mimi sikuwa nimetania. Goti limebaki palepale.

Tukatembea mwaloni. Akauliza kuhusu migomba. Nikasema ni mradi wetu wa lishe. Akaandika, ingawa mmoja ulianguka akiutazama. Akauliza kuhusu kaburi, kama tumepoteza mtu kwa kuhara. Nikasema hapana, ni la akiba. Akaacha kuandika, akanitazama, akaandika tena.

Kisha akaomba kuona choo. Nikafungua kufuli na kumwinulia utepe apite chini yake, maana haujakatwa. Aliingia matundu yote manne. Alipotoka akasema hajawahi kuona choo cha mwaloni kisafi namna hii, akauliza siri yake. Nikamwambia siri ni moja: hakuna aliyewahi kukitumia.

Hapo aliandika muda mrefu sana. Akageuza ukurasa, akaendelea. Naichukulia kuwa dalili njema.

Akauliza pia kadi iliyobanwa kwenye chanja ya dagaa ni ya nini. Nikasema sijui. Ilikuwa na jina langu.


Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya mahojiano. Dokta amekaa kwenye darasa la awali la kanisa la pili, ambako viti ni vidogo hivi kwamba kila aliyehojiwa magoti yalimfika kidevuni. Mimi nilikaa nje kwenye kivuli, karibu na dirisha, nikihesabu wanaoingia. Dokta akafunga dirisha.

Kila aliyetoka nilimuuliza kwa macho. Kila mmoja aliitikia kwa kichwa. Wamenitaja! Mpaka saa sita nilikuwa na mistari tisa kwa hesabu yangu.

Ndipo akatoka Ooko. Akaja kukaa pembeni yangu, akavua kofia. Akasema kwenye swali la kwanza alitoa jibu la kwenye kadi kama nilivyomwagiza. Shida ni swali la pili.

Sikujua kuna swali la pili. Okwach hakuniambia! Kwa makusudi, bila shaka.

Nikamuuliza swali lenyewe linasemaje. Ooko akasema Dokta anauliza: na ulipomwendea, ikawaje?

Nikamuuliza alijibu nini. Akasema kwa kuwa la pili halikuwa na kadi, alisema tu ilivyokuwa. Machi alikuja kwangu kuomba choo kifunguliwe kwa ajili ya wavuvi wanaorudi alfajiri, nikamwambia asubiri kikao. Aprili akaja tena, nikamwambia asubiri mgeni rasmi. Juni nikamwambia aandike barua. Aliandika. Nikaiweka kwenye faili. Akaniuliza kama kuna ubaya wowote kusema hivyo. Nikamwambia hapana, na kwamba barua yake ipo salama kabisa.

Mimi nilihojiwa mwisho. Dokta akaniuliza mwaka huu nilimwendea nani kwa jambo la afya. Nikamjibu bila kusita: sikumwendea mtu. Wao ndio wananijia.

Akasema asante sana Mzee Shigela, hilo limenisaidia kuelewa.

Limemsaidia! Mimi mwenyewe sijalielewa, lakini limemsaidia.


Jumamosi, 13 Septemba

Kumbe anahoji na wananchi wa kawaida. Nilimkuta sebuleni kwangu, amekaa kwenye kigoda karibu na cherehani, wanaongea na Evelina kwa sauti ya chini. Mjukuu wetu Precious, mtoto wa mwanetu Jonathan, alikuwa kakaa mkekani anawapangia vifungo vya nguo. Nilipoingia wakanyamaza.

Alipoondoka nikamuuliza Evelina alimtaja nani. Akasema majibu ni siri, Dokta kasema. Nikamkumbusha kwamba yeye ni mke wa Katibu, jibu lake ni moja na la kwenye kadi. Akasema sawa Baba Jona. Halafu akakanyaga cherehani, na ile mashine ikianza kulia hakuna mazungumzo.


Jumapili, 14 Septemba

Ibada ndefu. Mpapai mmoja umekauka. Kesho matokeo yanasomwa. Nimepiga pasi suti.


Jumatatu, 15 Septemba

Sijui nianzie wapi. Naandika jinsi ilivyokuwa, maana nilifanya hivyo miaka kumi na tisa na pamba haikuwahi kupotea.

Tulikutana kwenye banda la kuuzia samaki. Watu kama sitini. Dokta alibandika ukutani karatasi sita za manila zilizounganishwa. Katikati kulikuwa na duara. Chungwa ni nini? Tikiti ni nini? Lilikuwa kama mfuniko wa ndoo! Mistari ilitoka pande zote ikiingia humo. Hakuandika jina, aliandika tu Ofisi ya Katibu, lakini watu waligeuka kunitazama. Nikasimama kidogo, nikakaa.

Kisha Dokta akachukua kalamu nyekundu. Akasema sasa anaonyesha, kwa kila mstari, ni jambo gani lilitokea baada ya mtu kwenda. Kwenye mistari yangu akawa anaandika neno moja. Kusubiri. Kusubiri. Kusubiri. Alipomaliza, duara langu lilikuwa limezungukwa na wekundu kama jua linapotua. Nilidhani ni mapambo.

Pembeni kabisa, chini kulia, kulikuwa na viduara viwili vidogo ambavyo sikuwa nimeviona. Kimoja waanika dagaa, kingine zahanati. Kati yao mstari mfupi, mnene. Hapo aliandika kwa kijani: watoto sitini na watatu wamepimwa na kupewa dawa ya kichocho. Akaeleza jinsi walivyofanya. Vidonge vile mtoto akivimeza na njaa vinamvuruga, anatapika, na mama anaapa harudi tena. Kwa hiyo Paskazia na wenzake wakawa wanapika uji asubuhi kando ya chanja, mtoto anakunywa kwanza, kisha Rebeka anampima urefu na kumpa vidonge vyake. Walifanya hivyo kila Alhamisi kuanzia Aprili hadi Julai. Hawakuitisha kikao hata kimoja.

Nikanyanyuka kupinga. Nikasema uji huo ni wa Umoja, upo kwenye mihtasari, na kwamba mstari ule umechorwa mahali pasipo sahihi, unatakiwa upite kwangu.

Hapo Evelina akasimama. Sikujua hata kama yupo. Alikuwa nyuma, karibu na mizani ya samaki, kamshika Precious mkono.

Akasema, "Mwezi wa nne mtoto huyu alikuwa anaumwa tumbo, anatoa choo cha damu. Nilikuambia, Baba Jona. Nilikuambia mara mbili. Ukasema utaliweka kwenye ajenda."

Akasema, "Nikampeleka kwa Paskazia."

Akakaa.

Mimi nilifanya jambo la haraka lililonijia. Nilifungua faili. Nikatafuta Aprili. Na nikakuta! Kikao cha kumi na nne, mengineyo, kipengele c: suala la mtoto anayeumwa tumbo, limeahirishwa hadi kikao kijacho. Nikaisoma kwa sauti ili kila mtu asikie kwamba halikupuuzwa, liliandikwa, tena kwa mwandiko mzuri. Mchungaji wa kanisa la kwanza alikuwa anatazama miguu yake. Wa pili naye vilevile.

Nilijaribu kuikumbuka siku ile. Kikao nakikumbuka: tulikuwa saba, mvua ilinyesha, Ooko alichelewa. Mtoto simkumbuki. Nilimtazama Precious pale nyuma, ana nguvu, mashavu yamejaa, ananipungia mkono. Nikatafuta kichwani wiki alizokuwa analala mkekani mchana. Sikuzipata popote. Nikalegeza tai. Nadhani ilikuwa imebana.

Paskazia ndiye aliyesimama. Hakupaza sauti. Akasema, "Katibu, tunaomba ufunguo wa choo."

Nikaweka mkono mfukoni. Nikaushika. Ungeweza kudhani nitautoa, hata mimi nilidhani. Lakini nikasikia sauti yangu ikisema kwamba ombi hilo halimo kwenye ajenda ya leo.

Hakuna aliyegombana nami. Ooko akavaa kofia, akaita wavuvi wawili, wakatoka na spana. Baada ya robo saa tulisikia mlango ukilazwa kwenye nyasi. Waliung'oa mzima, pamoja na fremu yake. Utepe waliukunja vizuri wakaniletea.

Kwa usahihi wa kumbukumbu: kufuli halikuvunjwa. Mpaka sasa limefungwa.


Jumanne, 16 Septemba

Foleni ya choo ilikuwa ya watu kumi na wanne nilipopita. Akina mama wametundika kanga mahali pa mlango. Kila aliyenipita aliniamkia vizuri kama kawaida, na hilo ndilo linalonichanganya zaidi. Nilitegemea angalau mmoja aninunie.

Dokta Wilhelmina ameondoka leo. Nilimsindikiza hadi barabarani ili nimuulize lililonikosesha raha. Nikamuuliza, kwa uzoefu wake, amewahi kuona duara kubwa kama langu? Akasema hapana, kwa kweli hajawahi. Nikamuuliza linaitwaje kitaalamu. Akasema njia zote zikipita mahali pamoja na hapo zikasimama, mahali hapo panaitwa kizibo.

Nikamuuliza kati ya kizibo na kitovu cha mambo, kipi kikubwa.

Akaweka begi chini. Akanieleza taratibu sana, kwa mfano wa chupa, kisha kwa mfano wa mfereji. Akasema Umoja atauombea awamu ya pili, kwa sharti moja, kwamba kazi za Katibu zigawanywe. Akasema pia kwamba mtu aliyeandika vikao thelathini na kimoja ana subira kubwa, na subira hiyo ikipata kazi nyingine ingefaa watu. Kisha akaniuliza kama nimeshaongea na mke wangu tangu jana.

Nikasema tumesalimiana.

Akapanda gari.

Nikampigia Okwach na kumweleza kuhusu mfuniko wa ndoo. Akasema anaitwa, akakata simu. Wivu ni kitu kibaya.


Ijumaa, 19 Septemba

Uchaguzi. Mzee Ngosha alituma ujumbe kutoka Sengerema kwamba anamwachia nafasi atakayefaa. Paskazia amechaguliwa mratibu wa Umoja kwa kura hamsini na nne. Alishukuru kwa sentensi moja, akasema dagaa wanamngoja, akatoka. Kazi ya kuandika wamegawana Rebeka na binti mmoja wa kanisa la pili, na kanisa la kwanza wamepewa kusimamia usafi wa choo. Wanasalimiana sasa. Sielewi imekuwaje.

Mimi nilipata kura mbili. Moja ni yangu. Nyingine naichunguza. Evelina anasema si yake.

Nimeombwa nibaki mjumbe wa kawaida, zamu ya kujaza maji ya kunawa mikono, siku ya Jumatano. Nikasema nitalifikiria. Paskazia akasema hakuna haraka, hadi Jumatano.

Usiku wa kuamkia leo Evelina aliniambia hajanikasirikia. Alisema tu kwamba kuna siku anahisi anaishi na daftari. Nimelitafakari hilo. Naona ni sifa, kwa sababu daftari halisahau.


Jumatatu, 22 Septemba

Nimeelewa! Imenijia ghafla nikinywa chai. Tathmini haikuwa na kosa lolote. Duara lilikuwa sahihi, ukubwa wake sahihi. Kilichokosekana ni umoja wenye ukubwa unaolingana nalo. Mtu wa duara lile hawezi kukaa kwenye mwalo mmoja.

Kwa hiyo asubuhi hii nimeanzisha Muungano wa Kuratibu Umoja Wote wa Afya wa Ufukweni. Nyakabanga, Nansio, na mialo mingine itakayojitokeza, yote itapitia hapa. Makao makuu ni chumba cha nyuma, hadi Evelina atakapokihitaji kwa vitambaa. Kikao cha kwanza kilianza saa tatu kamili. Waliohudhuria: mmoja. Walioomba udhuru: hakuna. Akidi imetimia. Katibu alichaguliwa bila kupingwa.

Tulikuwa kwenye ajenda ya nne, kupata mtathmini wetu wenyewe mapema kabla kazi haijaanza, Evelina alipobisha. Akasema leo ndiyo tarehe ya Precious kurudi zahanati kupimwa tena. Yeye ana nguo za harusi za kumalizia, akaniomba nimpeleke mimi. Ni hatua mia tatu, akasema, na mtoto amesema anataka kwenda na babu.

Nikamwambia ni jambo jema sana. Nikaliandika palepale mbele yake ili aone, ajenda namba saba. Akasimama mlangoni kidogo. Kisha akaenda.

Nilipofika namba sita nikasikia sauti ya Precious nje, nikachungulia dirishani. Walikuwa wameshafika kwenye njia ya zahanati, mtoto katikati, Evelina upande huu, tepu ya kupimia bado shingoni, Paskazia upande ule. Precious aligeuka mara moja kutazama nyumba.

Nikarudi mezani. Nikaandika: namba saba, utekelezaji umekamilika.